Kuganda, Kupoa na Kutulia: Tokeo la Mpemba kati ya Mwendo wa Giligili na Fizikia ya Kwanta

1.0 UTANGULIZI

Uhusiano kati ya elimu ya mwendo wa giligili, yaani vimiminika na gesi, na fizikia ya kwanta umejadiliwa tangu fizikia ya kwanta ilipozaliwa. Mwaka 1926 Erwin Schrödinger alitoa mlinganyo wake maarufu, na muda si mrefu Erwin Madelung akaonyesha kwamba mlinganyo huo waweza kuandikwa upya ukafanana na ule wa giligili isiyo na mnato, pamoja na kijalizo kimoja kisichokuwamo katika maji ya kawaida. Katika sura hiyo, uwezekano wa kuikuta chembe mahali fulani hushika nafasi ya densiti, nao hutiririka kutoka mahali hadi mahali bila kupotea. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hata hivyo, uhusiano huo una mlango mwingine ulio karibu zaidi. Mlango huo ni tokeo linalobeba jina la Mtanzania, Erasto Mpemba, ambalo lilipimwa kwa utaratibu wa maabara jijini Dar es Salaam.

Kwa ufupi, tokeo hilo ni hili: katika mazingira fulani, maji ya moto yakiwekwa katika jokofu huweza kuganda kabla ya maji yaliyokuwa na halijoto ya chini zaidi. Katika miaka ya karibuni jina la Mpemba limetoka majini na kuingia katika mifumo mingine kabisa. Wanafizikia sasa huzungumzia tokeo la Mpemba la kikwanta katika mifumo isiyo na maji, isiyo na barafu, na pengine isiyopoa hata kidogo. Swali linalozuka ni la fizikia na la lugha kwa pamoja. Ikiwa maji hayamo, na barafu haimo, ni kitu gani kilichobaki hata jina likastahili kubaki?

Makala haya yanadai kwamba jibu huonekana wazi pale vitenzi vitatu vya Kiswahili, kuganda, kupoa na kutulia, vinapotenganishwa na kila kimoja kupewa kazi yake. Kilichovuka kutoka kwenye maji hadi kwenye kwanta si kuganda wala kupoa, bali ni kutulia.

2.0 CHIMBUKO LA TOKEO

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, mkoani Tanga. Wanafunzi walizoea kutengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa finyu. Mwenzake mmoja alitia maziwa yake bila kuyachemsha, naye Mpemba akatia ya kwake yangali ya moto. Baada ya kiasi cha saa moja na nusu, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, ilhali ya mwenzake yalikuwa bado majimaji mazito. Alipomwuliza mwalimu wake, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa, kwani jambo hilo haliwezekani. Baadaye, alipokuwa Shule ya Sekondari ya Mkwawa mjini Iringa, mwalimu mwingine alisema kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba wala si fizikia ya ulimwengu.

Katika masimulizi yake Mpemba alieleza jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia kwamba yeye hutia mchanganyiko ungali wa moto ili ugande upesi, na kwamba ujuzi huo aliupata kwa ndugu yake. Kwa hiyo tokeo hili lilikuwa maarifa ya kazi kabla halijawa swali la darasani. Lilijulikana kwa watu ambao riziki yao ilitegemea barafu, kama inavyotegemea barafu hadi leo riziki ya wauza samaki wa soko la Feri kwenye lango la bandari ya Dar es Salaam, na ya wauzaji wa barafu za ukwaju na ubuyu mitaani Kariakoo.

Dakta Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alikwenda Iringa kuzungumza na wanafunzi. Chuo hicho kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1961 katika jengo la Mtaa wa Lumumba, kando ya Kariakoo, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Mpemba alimwuliza kwa nini, kati ya vyombo viwili vyenye maji ya kiasi sawa, kimoja kikiwa na nyuzi 35 za Celsius na kingine nyuzi 100, kile cha nyuzi 100 ndicho kinachotangulia kuganda. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne hakuamini, lakini hakulipuuza swali. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi alileta habari kwamba maji ya moto yametangulia kweli, akaongeza kwamba jaribio litarudiwa mpaka lipatikane jibu sahihi.

Jibu halikubadilika. Katika majaribio yaliyofuata, sentimita za ujazo 70 za maji zilitiwa katika bika za sentimita za ujazo 100, zikawekwa juu ya tabaka la povu la plastiki ndani ya sehemu ya kugandishia ya jokofu la nyumbani. Muda wa kungoja mpaka kuganda kuanze ulikuwa mrefu kuliko yote pale maji yalipoanza na nyuzi 25 hivi, na ulikuwa mfupi zaidi kwa mbali pale yalipoanza na nyuzi 90 hivi. Makala ya Mpemba na Osborne yalichapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, wakati Mpemba akisoma katika chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi. Mwaka huohuo George Kell wa Kanada alichapisha makala yake juu ya jambo hilohilo bila kutegemea kazi ya Dar es Salaam. Aristotle, Francis Bacon na Descartes walikuwa wamekwisha kuligusia karne nyingi kabla.

3.0 TATIZO LA JINA

Mtindo wa kawaida wa kutafsiri jina hili ni kusema "athari ya Mpemba". Tafsiri hiyo ina matatizo mawili. Kwanza, neno athari katika masikio ya mzungumzaji wa kawaida huelekea kwenye madhara au alama mbaya iliyoachwa na jambo fulani: athari za mafuriko, athari za vita. Kinachokusudiwa na wanafizikia si madhara, bali ni jambo linalojitokeza na kuweza kupimwa. Pili, neno Mpemba katika Kiswahili si jina la mtu tu, bali ni jina la mwenyeji wa kisiwa cha Pemba, na Wapemba wanajulikana sana katika biashara za Kariakoo. Msikilizaji wa mtaani atakayeambiwa juu ya athari ya Mpemba aweza kudhani kwamba kuna muuza duka aliyeleta hasara.

Katika lugha za Ulaya tatizo la pili halipo kwa sababu jina halina maana nyingine. Katika Kiswahili, lugha ya nchi ya Mpemba mwenyewe, linahitaji uangalifu. Makala haya yanatumia "tokeo la Mpemba", na panapotakiwa uwazi zaidi, "tokeo la Erasto Mpemba". Neno tokeo halibebi sifa njema wala mbaya, na wingi wake, matokeo, umezoeleka katika maandishi ya sayansi.

4.0 MSAFARA WA JOTO KATIKA MAJI

Vitabu vya sayansi vya Kiswahili hutofautisha njia ambazo joto husafiri. Mojawapo ni mpitisho, ambapo joto hupita kutoka chembe hadi chembe bila chembe kuhama. Nyingine ni msafara, ambapo giligili yenyewe huhama ikiwa imebeba joto lake. Neno msafara lilichaguliwa kwa busara, kwani linakumbusha misafara ya wachukuzi iliyotoka pwani kwenda bara. Jina la Kariakoo lenyewe linatokana na kikosi cha wachukuzi cha jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Katika mpitisho, mzigo hupokezanwa kwa mikono huku watu wamesimama. Katika msafara, mchukuzi hutembea na mzigo wake.

Ndani ya bika ya Osborne, joto jingi lilipotea kupitia uso wa maji. Maji ya juu hupoa, densiti yake huongezeka, nayo huzama. Maji yenye joto zaidi hupanda kuchukua nafasi yake. Kadiri maji yanavyoanza na joto kubwa, ndivyo mzunguko huo unavyokuwa na nguvu na ndivyo uso unavyobaki na joto kuliko maji ya chini. Kwa kuwa kasi ya kupoteza joto hutegemea halijoto ya uso, maji yaliyoanza na nyuzi 90 yanapofikia wastani wa nyuzi 25 hayafanani na maji yaliyoanza na nyuzi 25 yakiwa yametulia. Wastani ni mmoja, lakini ndani ya chombo cha kwanza mna mwendo, na joto limepangika kwa namna nyingine.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwalimu aliyekataa swali la Mpemba alikuwa na hoja yenye mantiki: maji ya nyuzi 90 hayana budi kupitia nyuzi 25 kabla ya kufika sifuri, yakifika hapo, yatakuwa sawa na yale yaliyoanza na nyuzi 25, tena yamechelewa. Hoja hiyo ni sahihi iwapo hali nzima ya maji inaelezwa na namba moja, yaani halijoto. Giligili haielezwi na namba moja. Ina halijoto tofauti mahali tofauti, ina kasi, na ina historia iliyoacha alama katika mpangilio wake.

5.0 KUGANDA NA KUPOA

Baada ya mwaka 1969 maelezo mengi yalitolewa: mvukizo unaopunguza maji ya moto, gesi zilizoyeyuka ndani ya maji, sakitu iliyo chini ya chombo kuyeyuka na hivyo chombo kugusana vizuri zaidi na jokofu, na tabia ya maji kushuka chini ya nyuzi sifuri bila kuwa barafu. Mpemba na Osborne wenyewe waliona kwamba mvukizo na hewa iliyoyeyuka havikutosha kueleza matokeo yao. Hakuna maelezo hata mamoja yaliyokubalika na wote.

Sehemu ya mgogoro huu inatokana na maana ya kuganda. Katika Kiswahili damu huganda, uji huganda, na maziwa huganda bila jokofu lolote yakawa maziwa ya mgando. Kwa maji, kuganda kwaweza kumaanisha kufika nyuzi sifuri, kutokea kwa chembe ya kwanza ya barafu, au kuwa barafu tupu hadi kitovuni. Mambo hayo matatu hayatokei kwa wakati mmoja. Kutokea kwa barafu ya kwanza kunategemea vumbi, mikwaruzo ya chombo na mambo mengine ya bahati, kiasi kwamba jaribio moja likirudiwa huweza kutoa mshindi mwingine.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza, ambao ni wataalamu wa mwendo wa giligili, walichapisha uchunguzi uliojifunga na kupoa peke yake, yaani muda wa kufikia nyuzi sifuri. Hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hutangulia. Walionyesha pia kwamba tofauti ndogo ya kimo cha kipimajoto ndani ya chombo yaweza kuzaa tokeo lisilokuwapo. Hukumu yao haifuti alichokiona Mpemba, kwa kuwa yeye aliona maziwa yaliyoganda, nao walipima maji yaliyopoa. Lakini inamtahadharisha kila mwandishi wa kitabu cha kiada asiandike kwamba maji ya moto huganda upesi kuliko ya baridi kana kwamba ni kanuni.

6.0 KUTULIA

Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz waliliuliza swali upya bila kutaja maji. Mfumo wowote uliowekwa katika mazingira yenye halijoto yake huelekea kwenye msawazo na mazingira hayo. Hali yake ya mwanzo yaweza kugawanywa katika sehemu nyingi, kila sehemu ikififia kwa kasi yake. Sehemu za haraka hutoweka mapema, na mwishoni hubaki ile ya polepole kuliko zote. Hiyo ndiyo inayoamua lini mfumo utahesabiwa kuwa umefika, kama vile msafara usivyohesabiwa kuwa umefika mpaka mchukuzi wa mwisho atue mzigo. Endapo hali iliyoanza mbali ina kiasi kidogo cha sehemu hiyo ya polepole, au haina kabisa, itafika kabla ya ile iliyoanza karibu.

Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, nchini Kanada, walithibitisha wazo hilo kwa gololi ndogo mno ya kioo iliyokuwa ikisukumwasukumwa na chembe za maji, huku kani iliyodhibitiwa ikiifanyia bonde la kutulia. Hakuna kilichoganda katika jaribio hilo. Kilichopimwa ni jinsi mtawanyo wa mahali pa gololi, katika majaribio mengi, ulivyokaribia mtawanyo wa msawazo. Mwaka 2022 jaribio la aina hiyo lilionyesha upande wa pili wa tokeo: mfumo wenye baridi zaidi kupata joto upesi kuliko wenye baridi kiasi.

Upande huo wa pili unaamua suala la istilahi. Kitu kinachopata joto hakiwezi kusemwa kwamba kinapoa. Kitenzi kupoa, pamoja na upana wake wa kumwelezea mtu mpole au soko lililokosa wateja, hakivuki mpaka huu. Kutulia kunavuka. Bahari hutulia baada ya dhoruba, matope hutulia chini ya ndoo, na maji yaliyotikiswa hutulia, pasipo kujali kama yamepata au yamepoteza joto. Kwa hiyo inafaa kupoa kubaki kwa upotevu wa joto, kuganda kubaki kwa kugeuka kimiminika kuwa yabisi, na kutulia, pamoja na nomino yake mtulio, kutumika kwa mwendo wa mfumo wowote kuelekea msawazo.

7.0 MTULIO WA KIKWANTA

Kwa istilahi hizo, hatua ya kuingia kwenye kwanta si ndefu. Mfumo wa kikwanta uliogusana na mazingira yake nao hutulia, na hali yake ya mwanzo nayo hugawanyika katika sehemu za haraka na za polepole. Mwaka 2021 Federico Carollo, Antonio Lasanta na Igor Lesanovsky walionyesha kinadharia kwamba hali ya mwanzo yaweza kugeuzwa kwa namna inayoiondoa sehemu ya polepole kuliko zote, na hivyo kuharakisha mtulio.

Hatua iliyofuata ni ngeni zaidi. Mwaka 2023 Filiberto Ares, Sara Murciano na Pasquale Calabrese walichunguza mfumo wa kikwanta uliotengwa kabisa, usiopokea wala kutoa joto. Msomaji na afikirie safu ndefu ya chembe, kila moja ikiwa kama mshale mdogo. Mishale yote ikisimama wima, safu ikizungushwa kuufuata mhimili wa wima haibadiliki sura, ina ulinganifu. Mishale ikiinama upande mmoja, ulinganifu huo umevunjika, na kadiri inavyoinama ndivyo unavyovunjika zaidi. Mfumo ukiachiwa uende, sehemu ndogo ya safu hupoteza alama ya upande ulioinamiwa, na ulinganifu hurejea humo. Watafiti hao waligundua kwamba ulinganifu uliovunjika zaidi waweza kurejea mapema zaidi. Mwaka 2024 jambo hilo liliripotiwa kuonekana katika jaribio lililofanyika Innsbruck, Austria, kwa ioni 12 zilizonaswa na kudhibitiwa.

Katika mfumo huu nafasi ya moto imeshikwa na kuvunjika kwa ulinganifu, na nafasi ya barafu imeshikwa na kurejea kwake. Lakini sababu yake, kama ilivyobainishwa mwaka 2024 kwa mifumo ambayo milinganyo yake hutatulika kikamilifu, inarudi kwenye mtiririko. Ulinganifu hurejea kwa kadiri mzigo fulani unavyosafirishwa kutoka katika sehemu inayotazamwa na vichukuzi vya kikwanta vyenye kasi mbalimbali. Hali iliyovunja ulinganifu zaidi hutangulia endapo mzigo uliobebwa na vichukuzi vya polepole ni mdogo kuliko ule wa hali nyingine. Dhana ya msafara, iliyohitajika kueleza maji ndani ya bika, inahitajika tena hapa.

Ulinganisho huu una mpaka, na mpaka wake sharti utajwe. Katika maji, kinachosafiri ni maji yenyewe pamoja na joto lake. Katika mfumo wa kikwanta, vichukuzi huzaliwa vikiwa vimefungamana kwa namna isiyo na mfano katika maji, na ni kufungamana huko kunakoifanya sehemu ndogo isahau hali yake ya mwanzo ingawa mfumo mzima haujapoteza habari yoyote. Anayesema kwamba kwanta ni aina ya maji amekosea. Mifumo hii miwili inafanana kwa umbo la mtulio wake, wala si kwa kitu kinachotulia.

8.0 HITIMISHO

Tokeo la Mpemba limetumika hapa kama kipimo cha uwezo wa Kiswahili kubeba fizikia ya kisasa. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi ya namna hiyo haikamiliki kwa kuorodhesha maneno mapya. Mara nyingi tatizo si uhaba wa maneno bali ni kutoyagawia kazi maneno yaliyopo.

Mfano uliojadiliwa unaonyesha hivyo. Kiswahili kilikwisha kuwa na kuganda, kupoa, kutulia na msafara kabla mtu yeyote hajapima maji Mlimani. Maneno hayo yakichanganywa, mwanafunzi atadhani kwamba wanafizikia wa Innsbruck waligandisha kitu, au kwamba Burridge na Linden walimpinga Mpemba juu ya jambo alilolishuhudia. Yakitenganishwa, ataona kwamba maswali ni matatu: la kuganda bado lina mgogoro, la kupoa limetiwa shaka kubwa na vipimo vya mwaka 2016, na la kutulia limethibitika katika maabara zaidi ya moja. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa fizikia wana kazi moja hapa, nayo ni kuhakikisha kwamba jina la Mpemba linapotajwa darasani, mwanafunzi anajua ni lipi kati ya maswali hayo matatu linalozungumziwa.